Gesi Yetu Isipimwe kwa Makisio

Wapo wataalamu wa mezani wanaodai kwamba kupima mwamba katika kisima cha gesi kilichochimbwa mshazari ni anasa, kwa kuwa mtambo wa kuchimba hulipiwa kwa siku. Hoja hiyo yafaa ipingwe bila haya.

Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ikafika Dar es Salaam mwaka 2004. Hatusemi kwamba ukosefu wa vipimo ndio uliotuchelewesha miaka yote 30. Lakini nani atajenga bomba kutoka baharini hadi mjini kwa ajili ya gesi asiyojua kiasi chake?

Chombo kinachobishaniwa hukandamiza mdomo wake mdogo kwenye ukuta wa kisima, kikafyonza kidogo kilichomo mwambani na kusoma msukumo wake. Hurudia hivyo kina baada ya kina. Penye maji, msukumo huongezeka kwa karibu bari 1 kila mita 10. Penye gesi huongezeka kwa sehemu ndogo tu ya hiyo. Badiliko hilo ndilo linaloonyesha gesi inapokomea na maji yanapoanzia. Ukikosea mpaka huo, umekosea hesabu ya mali ya Taifa zima.

Katika kisima cha wima chombo huteremshwa kwa waya, kikishuka kwa uzito wake. Kisima kikiinama kupita nyuzi 60 hivi, uzito hautoshi tena, na waya hausukumiki. Hapo ndipo lifaapo bomba jembamba la chuma linaloviringishwa kwenye gurudumu kubwa, mithili ya mpira wa bustani. Mashine hulisukuma hadi chini, waya wa kuleta vipimo ukiwa ndani yake. Na chombo kikinata ukutani, bomba hustahimili mvuto ambao ungekata waya.

Wapinzani husema bomba hilo hujisokota likisukumwa mbali mno, na chuma chake huchoka kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Ni kweli. Ndiyo maana mizunguko yake huhesabiwa, likastaafishwa mapema; na palipo mbali mno hutumika mabomba ya kuchimbia, ingawa kuyaunganisha hula muda. Je, kasoro hizo zinahalalisha kukisia?

Wengine hutaka kisima kifunguliwe tu, gesi iwashwe moto ili nguvu yake ipimwe. Kipimo hicho kina mahali pake, lakini hakichukui nafasi ya kile cha kwanza, na gesi iliyoungua hewani haitawasha taa hata moja Kilwa.

Mikataba hujadiliwa kwa tarakimu, na mwenye tarakimu peke yake ndiye anayepanga masharti. Kwa hiyo tunadai kipimo hiki kiandikwe katika mpango wa kila kisima cha mshazari kabla mtambo haujaletwa, na mhandisi wa Kitanzania awemo katika chumba cha kusomea vipimo usiku huo huo vinapopanda, asingoje kuletewa taarifa baada ya wageni kufunga mizigo.