Chai Bora Huanzia Kwenye Maji

Unga wa kijani wa chai ya Kijapani, uitwao matcha, sasa hutangazwa kwa simu hadi Katesh na Haydom, ukisifiwa kuwa kinywaji cha afya cha kila siku. Kikopo kilichoandikwa kuwa cha "daraja la sherehe" ndicho huuzwa ghali zaidi, ingawa jina hilo ni la kibiashara na si daraja lililowekwa na sheria ya Japani. Chai yenyewe ina sifa zake: michai hutiwa kivuli kwa takriban wiki tatu, machipukizi machanga huchumwa, kisha majani hukaushwa na kusagwa. Mnywaji hachuji chochote. Hulinywa jani zima.

Mchai hufyonza madini ya floraidi kutoka udongoni na kuyalimbikiza majanini, hasa katika majani makongwe. Kwa hiyo unga wa machipukizi una nafuu kuliko ule wa majani yaliyokomaa. Lakini nafuu hiyo haina maana kubwa kwa mkazi wa Hanang au Mbulu ambaye birika lake limejazwa maji yenye floraidi nyingi. Wilaya hizi zimo katika ukanda wa Bonde la Ufa, ambako baadhi ya vyanzo vya maji huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Chukulia kisima chenye miligramu 4 kwa lita. Lita moja ya maji hayo imekwisha kuvuka kiwango kabla jani lolote halijatiwa. Yakichemka hadi kubaki nusu lita, miligramu zote 4 husalia humo. Moto huua vijidudu, hauondoi floraidi.

Anayeumia zaidi ni mtoto. Meno yake ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi, mengi yao hadi kufikia takriban umri wa miaka 8. Floraidi ikizidi wakati huo, meno huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki, naye huchekwa kana kwamba ni mchafu. Ikizidi mno kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika. Wapo watakaosema kwamba wazee waliinywa chai hiyo wakazeeka salama. Walizeeka, naam, lakini meno ya wengi wao ndiyo ushahidi.

Fedha ya kikopo cha matcha ingefaa zaidi ikinunua chombo cha kukingia maji ya mvua, ambayo kwa kawaida huwa na floraidi kidogo sana. Kichujio cha mkaa wa mifupa, teknolojia iliyoendelezwa katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha, nacho husaidia, mradi mkaa ubadilishwe kwa wakati. Kijiji kina haki ya kuiomba RUWASA matokeo ya upimaji wa kisima chake. Mtoto mdogo apewe maziwa badala ya chai. Na mhudumu wa kliniki, kabla ya kumkemea mama kuhusu mswaki, amuulize kwanza: maji ya nyumbani huchotwa wapi?

Anayeipenda matcha na ainywe kwa kiasi. Ila asidhani kwamba jani la ghali husafisha maji mabaya.