Ardhi Iliyo Mwishoni mwa Njia ya Kurukia

Alasiri ya tarehe 22 Januari 1952, katika mji wa Elizabeth, jimbo la New Jersey nchini Marekani, wasichana wa shule ya sekondari ya Battin walikuwa wamekwisha kutawanyika kwenda makwao. Saa moja ilikuwa haijatimia tangu waondoke wakati eropleni iliyokuwa ikijaribu kutua Newark katika ukungu ilipoanguka juu ya nyumba zilizo jirani na shule hiyo. Wote 23 waliokuwamo walikufa, na watu 7 waliokuwa chini wakafa pamoja nao. Hiyo ilikuwa ajali ya pili. Ya kwanza ilitokea tarehe 16 Desemba 1951, na ya tatu ikafuata tarehe 11 Februari 1952. Kwa muda usiotimia siku 60 mji mmoja uliangukiwa na eropleni tatu, na watu zaidi ya 100 wakapotea. Uwanja wa Newark ulifungwa, ukafunguliwa tena mwezi Novemba.

Rais Truman aliunda tume ya kuchunguza jinsi viwanja vya ndege na miji vinavyoweza kukaa pamoja. Mwenyekiti wake alikuwa James Doolittle, rubani mashuhuri wa vita aliyekuwa pia na shahada ya udaktari wa sayansi ya urukaji kutoka chuo cha MIT (wanafunzi wanaodhani kwamba urubani ni kazi ya mikono na macho tu yafaa walitafakari jambo hilo). Mwezi Mei 1952 tume ilipendekeza kwamba kila mwisho wa njia kuu ya kurukia uachiwe eneo tupu lenye urefu wa nusu maili, yaani mita 800 hivi, na upana wa mita 300 hivi. Zaidi ya hapo, kwa viwanja vipya, ardhi yenye umbo la kipepeo cha mkono, inayotanuka kwa maili mbili hadi kufikia upana wa futi 6,000, idhibitiwe kwa sheria, au inunuliwe kabisa, ili pasijengwe mahali pa kukusanyika watu.

Nimeanza na mji wa mbali kwa sababu huko ndiko swali lilikoulizwa waziwazi: ardhi iliyo mwishoni mwa njia ya kurukia ni ya nani, na yaweza kutumiwa kwa kazi gani? Lakini jibu halikutufikia sote. Tarehe 8 Januari 1996, mjini Kinshasa, eropleni aina ya Antonov ilishindwa kupaa kutoka uwanja wa N'Dolo, ikapita mwisho wa njia na kuingia katika soko la Simbazikita. Watu zaidi ya 200 walikufa, na takriban wote walikuwa sokoni, si angani.

Halafu kuna Goma, mji ambao wakazi wake husema Kiswahili kama sisi. Uwanja wake uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo bawa hupata nguvu ndogo ya kuinua na injini hupungukiwa nguvu. Eropleni inayohitaji mbio fupi pwani huhitaji mbio ndefu zaidi huko. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na lava ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, ipatayo theluthi moja. Sehemu iliyosalia ilielekea kusini, na huko kusini ndiko uliko mtaa wa Birere, wenye maduka, vibanda na watu wengi kuliko ardhi. Tarehe 15 Aprili 2008 eropleni ya DC-9 ilishindwa kuondoka, ikapita mwisho wa njia na kuingia Birere. Watu wapatao 40 walikufa, na walio wengi si abiria. Tarehe 24 Novemba 2019 eropleni ndogo iliyokuwa ikienda Beni iliangukia nyumba za mtaa wa Mapendo, mara tu baada ya kuondoka katika uwanja huo huo.

Volkano haiwezi kuamriwa. Birere ni jambo la mipango.

Msomaji ataniambia kwamba kanuni zipo, na ni kweli. Nchi zilizotia sahihi Mkataba wa Chicago wa 1944 hufuata Kiambatisho cha 14, kilichopitishwa mara ya kwanza mwaka 1951, ambacho huhusu viwanja vya ndege. Kanuni zilizotumika humo kwa miaka mingi huchora angani maumbo ya jiometri ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuyakokotoa. Kwa njia kubwa ya kurukia, bapa la kukaribia huanza mita 60 kutoka mwisho wa njia na kupanda kwa mteremko wa 1 kwa 50. Hivyo umbali wa mita 1,000, kimo kinachoruhusiwa ni 940 gawa kwa 50, yaani mita 18.8 tu. Mnazi wa mita 25 hauna budi kuwa umbali wa mita 1,310 au zaidi. Kando ya uwanja, bapa la mlalo lenye nusu kipenyo cha mita 4,000 huzuia majengo yasipite mita 45 juu ya usawa wa uwanja.

Mtu wa kawaida akisikia hayo hucheka. Husimama uani kwake, hutazama juu, na kuona kwamba ndege hupita mbali sana. Hakosei macho. Eropleni inayotua kwa nyuzi tatu za kawaida huwa kwenye kimo cha mita 67 hivi inapobakiza mita 1,000 kufika kwenye njia. Basi kwa nini anyimwe ghorofa yake? Kwa sababu anga hilo halikutengwa kwa ajili ya siku njema. Eropleni yenye injini mbili ikipoteza moja wakati wa kupaa, sheria ya utengenezaji huitaka iweze kupanda asilimia 2.4 tu baada ya magurudumu kukunjwa: mita 24 kwa kila mita 1,000 za kwenda mbele. Tena hicho ndicho kipimo cha majaribio, kabla ya kupunguzwa kwa ajili ya uchovu wa injini na kosa la rubani. Ghorofa nne zilizojengwa mahali pasipofaa zaweza kuumaliza mwanya wote uliobaki.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoridhika na kanuni ya kimo. Kanuni hiyo humlinda aliye ndani ya eropleni. Aliye chini haimtazami kabisa. Tufanye hesabu tena. Kibanda cha soko chenye kimo cha mita 3 chagusa bapa la kukaribia umbali wa mita 210 kutoka mwisho wa njia. Kuna sharti jingine, la eneo la usalama kwa eropleni inayopitiliza: baada ya mita 60 za kwanza, mita 90 ni za lazima na 240 zinapendekezwa. Serikali ikitimiza hata hilo pendekezo, jumla ni mita 300. Kwa hiyo soko la watu elfu moja lililojengwa mita 310 kutoka mwisho wa njia halivunji masharti hayo mawili. Mkaguzi ataleta kifaa chake cha kupimia, atapima mapaa, na kwenda zake ameridhika.

Uingereza iliona pengo hilo mapema. Tangu mwaka 1958 ilitenga kanda za usalama wa umma mwishoni mwa njia za kurukia za viwanja vyake vikubwa, na mwanzoni mwa karne hii ilizichora kwa hesabu ya uwezekano. Mtu akiishi mwaka mzima mahali ambapo hatari ya kuuawa na eropleni ni 1 kwa 100,000, majengo mapya kwa kawaida hayakuruhusiwa hapo. Ilipofika 1 kwa 10,000, hata nyumba zilizokuwapo zilitakiwa kuachwa wazi. Mtu aweza kubishana na tarakimu hizo, lakini swali walilojiuliza ndilo sahihi: ni nani atakuwa hapo chini, na watakuwa wangapi?

Kelele ni jambo lenye kuwahusu walimu hasa. Mwaka 1992 mji wa Munich, Ujerumani, ulifunga uwanja wake wa zamani na kufungua mwingine mbali nao. Wanasayansi waliwapima watoto wa sehemu zote mbili kabla na baada ya uhamisho. Kumbukumbu na usomaji vilididimia kwa watoto waliopata uwanja mpya, na vikainuka kwa wale walioondokewa na kelele. Mwalimu anayenyamaza kila eropleni ipitapo hapotezi sekunde hizo peke yake.

Na kuna jaa la taka. Lugha yetu ina neno moja kwa kiumbe mwenye manyoya na chombo cha chuma, tukavitofautisha kwa upatanisho tu: ndege huyu, ndege hii. Jaa likiwekwa karibu na njia ya kurukia, ndege huyu hukutana na ndege hii. Mpango wa kuhamishia Ruai jaa la Dandora la Nairobi ulipingwa na mamlaka ya viwanja vya ndege kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa niseme juu ya fidia, kwa maana wataalamu wengi huipita haraka. Mwaka 1946 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kesi ya mfugaji wa kuku, Causby, ambaye shamba lake lilikuwa karibu na uwanja wa Greensboro. Eropleni za jeshi zilipita futi 67 tu juu ya paa la nyumba yake, na kuku wapatao 150 walikufa kwa kujigonga ukutani kwa hofu. Serikali ilidai kwamba eropleni zilipita katika njia ya anga iliyoidhinishwa. Mahakama ikajibu kwamba kupita chini kiasi hicho ni sawa na kuchukua sehemu ya ardhi yake, na anayechukua hana budi kulipa. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki. Usalama wa abiria ni faida ya taifa zima. Si sawa gharama yake ibebwe na mwenye kiwanja mmoja kwa kuambiwa tu kwamba asijenge.

Wengine husema: aliyetangulia ndiye mwenye haki. Elizabeth ulikuwa mji tangu 1664, na uwanja wa Newark ulifunguliwa 1928. Utangulizi huo haukumwokoa mtu. Kwingineko nyumba ndizo huja baadaye, kwa sababu ramani ya kanda imefungiwa kabatini na mnunuzi hakuonyeshwa. Mwezi Novemba 2011 nyumba za Syokimau, karibu na uwanja wa Jomo Kenyatta, zilibomolewa kwa matingatinga, na wenyewe walisimama kando wakisema wana hati. Mstari wa ukanda ungechorwa juu ya ramani ile ile ya viwanja anayopewa mnunuzi, mabishano mengi yangekwisha kabla ya tofali la kwanza.

Wala ukanda huo usiachwe mtupu, maana ardhi tupu mjini haikai mwaka mmoja bila kuvamiwa. Ipandwe muhogo au mkonge. Mtama na mpunga haufai, kwani huita kwelea kwelea. Yajengwe maghala mafupi na gereji, mahali penye watu wachache. Shule, soko, zahanati na nyumba za ibada zikae nje.

Walimu wa hisabati na jiografia wanaofundisha katika miji yenye uwanja wa ndege waweza kuianza kazi hii muhula huu. Chukueni ramani ya mji, mrefushe mstari wa katikati wa njia ya kurukia pande zote mbili, kisha mchore eneo la Doolittle kwa vipimo nilivyotaja. Andikeni majina ya shule na masoko yaliyomo ndani yake, na mpeleke nakala moja kwa afisa mipango miji wa halmashauri yenu. Kama shule yenu imo, iandikeni ya kwanza.