Baraza na Ukuta

Mwaka huu nimejenga ukuta kuizunguka nyumba yangu hapa Pugu, nami nataka kuwaeleza habari zake.

Zamani nilipanga chumba Temeke, katika nyumba kama zile za Kariakoo, ambako Wajerumani walianza kuwapimia Waafrika viwanja kabla ya vita ya mwaka 1914: ukumbi katikati, vyumba vitatu kuume na vitatu kushoto, ua nyuma, na mbele baraza. Jioni watu walikaa barazani wakacheza bao na kunywa kahawa. Apitaye alisalimiwa, na asiyeonekana siku mbili aliulizwa habari zake.

Huku Pugu twajenga nyumba katikati ya kiwanja, na ukuta wa matofali ya saruji, na geti la chuma. Wezi wapo, sikatai. Lakini mwezi wa Mei bibi jirani yangu alianguka uani kwake, akalala hapo tangu asubuhi hata magharibi, mjukuu wake alipomkuta. Ni hatua kumi na mbili kutoka mezani pangu, nami sikusikia neno. Alipopona alinicheka: “Mwalimu, ukuta wako mzuri mno, hata sauti haipiti.”

Juma lililopita nilimwita fundi. Atatoboa mlango mdogo upande wa bibi, na nje ya geti atajenga baraza fupi, ya watu wanne.