Sinia Moja au Sahani Mbalimbali?

Limezuka miongoni mwa walimu wa Kiswahili wa Endiinzi, wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na wa mji wa Mbarara jambo ambalo kwa nje laonekana dogo, na kwa ndani ni kubwa. Ilipendekezwa kwamba walimu na wanafunzi wao watu wazima wafunge muhula kwa kula pamoja chakula cha jioni katika mkahawa mmoja wa Mbarara upikao vyakula vya Kichina na vya Kithai. Vyakula viwekwe katikati ya meza, kila mmoja apakue humo. Wenzetu kadhaa walilipinga pendekezo hilo kwa hoja tatu. Twaziheshimu nafsi zao, lakini hoja zao hatuzikubali hata moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba kula namna hiyo si utamaduni wetu. Wasemao hivyo hawajalisikiliza neno sinia. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na kwa Waarabu limetokana na Sin, yaani China: sinia ni kitu cha Kichina. Vipande vya kauri ya Kichina vimefukuliwa Gedi na Kilwa, na wazee wetu wa pwani walipachika sahani na bakuli za huko katika makaburi ya nguzo, kama yale ya Kunduchi. Basi nani atuambie kwamba chakula cha katikati ni ugeni? Waswahili huzunguka sinia la wali. Wasomali wa Nakivale huzunguka lao la wali na nyama. Wahabeshi humega injera iliyotandazwa kwa wote. Mchina aliyeweka mabakuli katikati ya meza ya duara hakutuletea jambo jipya. Kigeni kwetu ni ile desturi ya kila mtu na sahani yake, macho chini, kiwiko kikiwa ukuta baina yake na jirani.

Hoja ya pili ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya vyakula hivyo, kwa hiyo mezani tutalazimika kusema Kiingereza. La hasha! Hebu tukiangalie chungu cha Mthai: mna tui la nazi, mchaichai, tangawizi, ndimu, giligilani, kitunguu saumu na pilipili. Ni neno gani hapo asilolijua mama wa Tanga au wa Lamu? Tumlete Mchina na tambi zake na wali wake. Sisi tuna mpunga shambani, mchele ghalani na wali sahanini, ambapo Kiingereza huvitaja vyote vitatu kwa neno moja. Pilipili yenyewe ilitoka Amerika ikawafikia Wathai kama ilivyotufikia sisi, na kila taifa likaipa jina lake bila kuomba ruhusa. Mwalimu akosaye neno mezani asikisingizie Kiswahili umaskini. Na afungue kamusi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: kila mtu aagize chake na alipe chake, ili kuepusha ugomvi. Hapa twaona kosa la ufundishaji wetu wenyewe. Vitabu vingi hufundisha somo la chakula kwa mazungumzo ya mteja na mhudumu: leta hiki, ondoa kile, ni bei gani. Mwanafunzi humaliza somo akijua kuagiza, asijue kukaribisha. Na katika Uganda kosa hili lina uchungu wa pekee. Hapa Kiswahili kilisikika miaka mingi kama lugha ya amri. Kilikuwa lugha ya askari wa King's African Rifles, na mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa agizo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Yote hayo ni mema, lakini hakuna sheria iwezayo kuondoa hofu iliyomo masikioni mwa watu. Hofu huondolewa na yule asemaye kwa Kiswahili, "Karibu, bado hujashiba."

Tena sinia ni darasa la sarufi. Mwenye sahani yake hana haja ila ya kitenzi kimoja, kula. Wenye sinia moja hupakua, hupakulia na kupakuliana. Humega, humegea na kumegeana. Husogeza, husogezea na kusogezeana. Mnyambuliko tunaouandika ubaoni kwa juma zima huingia kichwani kwa jioni moja. Ndipo mwanafunzi ajifunzapo pia kumwuliza Mwislamu kama bakuli hili lina nguruwe, na kumwuliza Mhabeshi kama leo amefunga. Hayo si maswali ya mtihani, bali ndiyo ujirani wenyewe.

Tuliambiwa: "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe." Methali hii twaijua. Lakini Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda kwanza, kisha Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na wengi wao mzaliwa wao amebaki nyuma au kaburini. Mtu wa namna hiyo amebakiwa na nani, kama si mla naye? Wasiokula pamoja, mwishowe hulana.

Liko jambo moja ambalo wapinzani hawakulitaja, nalo lina uzito kuliko hoja zao zote: gharama. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mno idadi ya wakimbizi wanaopewa msaada wa chakula nchini Uganda kwa kukosa fedha. Haifai mwalimu wa Mbarara ale tambi na mwanafunzi wa Nakivale abaki nyumbani kwa kukosa nauli. Kwa hiyo twasema: ama waende wote, wenye nacho wakiwalipia wasio nacho, ama asiende mtu. Fedha zikipungua, karamu na ifanyike Endiinzi, kwa matoke ya Isingiro, maharage na samaki wa ziwa Nakivale, mradi sinia liwe moja na lugha ya kukaribishana iwe Kiswahili.

Walimu wenzetu, neno karibu tumeliandika ubaoni mara nyingi mno. Umefika wakati wa kulitamka huku tukimsogezea mwenzetu bakuli.