Kontena, Kuli na Kipakuzi: Istilahi Ipimwe Kazini

Suala la istilahi za tarakilishi limewashughulisha wapenzi wa Kiswahili kwa muda mrefu, na juhudi zao hazikuwa za bure. Mwaka 2004, kwa mfano, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo, sehemu kubwa ya istilahi zinazobuniwa huishia katika orodha. Huchapishwa, hukaririwa, huulizwa katika mtihani, kisha hulala. Aghalabu aliyezibuni hajawahi kuzitumia kumwelekeza mtu mwingine atende jambo fulani tangu mwanzo hadi mwisho.

Makala haya yanashikilia kwamba istilahi ya tarakilishi isisanifishwe kabla ya kuwekwa ndani ya mwongozo kamili wa kazi moja, mwongozo ambao msomaji akiufuata programu itawaka. Ikikataa kuwaka kwa sababu neno lilimpoteza, neno hilo limeanguka, hata kama sarufi yake haina dosari. Kazi inayotolewa mfano hapa ni ndogo na ya kiufundi: kusimika programu ya kupakua mafaili ya Usenet ndani ya kontena. Mahali pa kuipimia ni Kisumu, kwani ni vigumu kupata mji wa bara ambao gati lake lingeufaa mfano huu zaidi.

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Ni mtandao wa makundi ya mijadala ambamo seva nyingi hunakiliana ujumbe bila ya kuwapo makao makuu. Kwa kuwa ujumbe mmoja hauwezi kubeba faili kubwa, faili hukatwakatwa vipande, na kila kipande hupewa kitambulisho chake. Anayelitaka faili hilo huipa programu yake orodha ya vitambulisho. Programu huvikusanya vipande, huvikagua, hutengeneza vilivyoharibika kwa kutumia vipande vya akiba, kisha huviunga.

Jambo hili si geni Kisumu. Meli ya William Mackinnon, iliyoshushwa majini hapo mwaka 1900, iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikavushwa bahari hadi Mombasa na kuletwa bara kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901. Mafundi walipoipokea, kazi yao ilikuwa kuunga upya kitu kilichokuwa kizima kilikotoka. Mwalimu wa Kisumu anayetaka kueleza kazi ya Usenet hana haja ya kutafuta mfano ng'ambo.

Vivyo hivyo kwa kontena. Feri ya MV Uhuru, iliyoanza kazi mwaka 1966, ina reli sitahani. Behewa hutoka relini likaingia melini, likavuka ziwa na kuendelea na safari upande wa pili bila mtu kugusa mzigo uliomo. Kontena la programu ni wazo lilo hilo: programu hufungiwa pamoja na kila inachokihitaji, ikahamishwa kutoka tarakilishi moja hadi nyingine bila kufunguliwa. Chombo kilicholieneza wazo hili kilitolewa mwaka 2013 kwa jina la Docker, neno ambalo kwa Waingereza humaanisha mfanyakazi wa bandarini. Mwanafunzi wa fasihi atatabasamu hapa, maana anayo riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1979 iitwayo Kuli, inayohusu mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Unguja. Kiswahili kilikuwa na neno, na neno lilikuwa na historia nzito kuliko nembo ya nyangumi aliyepakiwa makontena.

Na sasa mtihani wenyewe. Mwongozo wa Kiingereza humtaka mtumiaji achukue kitu kiitwacho "image", afungue "port", aunganishe "volume", kisha aendeshe "client". Mfasiri mwenye haraka ataandika picha, bandari, ujazo na mteja. Mwanafunzi aliyeko Maseno akipewa mwongozo huo atatafuta picha ya kutazama, atashangaa bandari ya 8080 iko ufuo gani, na hatajua ni ujazo wa nini anaotakiwa kuuunganisha. Maneno yote manne ni Kiswahili sanifu. Yote manne yameanguka.

Neno la kwanza lina tiba rahisi. Kinachoitwa "image" ni kitu kisichobadilika ambacho kwacho makontena mengi hutolewa, kama mhunzi anavyotumia kalibu moja kutolea vyombo vingi. Basi na iwe kalibu. La pili linadanganya zaidi, kwa sababu mazungumzo yote ni ya meli na makontena na bandari inaonekana kama mwenyeji halali. Lakini katika tarakilishi neno hilo lina maana ya lango. Tarakilishi moja ina milango zaidi ya 65,000 yenye namba, na kila huduma husikiliza kwenye mlango wake. SABnzbd, mojawapo ya programu za kupakulia mafaili ya Usenet, husikiliza kwenye mlango 8080. Seva ya Usenet inayosimba mawasiliano hupokea wageni kwenye mlango 563. Ukiandika "elekeza mlango 8080 wa nje kwenye mlango 8080 wa kontena", hakuna asiyeelewa.

Neno la tatu ndilo lenye hatari, na hapa istilahi mbovu humtia mtu hasara. Kontena halikukusudiwa kudumu. Likifutwa ili toleo jipya lichukue nafasi yake, kila kilichoandikwa ndani yake hufutwa pamoja nalo. Ndiyo maana mtumiaji hutakiwa kuweka folda mbili nje ya kontena, moja ya mipangilio na nyingine ya mafaili yaliyopakuliwa, na kuziunganisha na folda za ndani. Mwongozo ukisema "ujazo", au "sauti", au "juzuu", kama kamusi zinavyoruhusu, msomaji ataruka hatua hiyo akidhani haimhusu. Siku atakayosasisha programu yake, kila alichokikusanya kitakuwa kimetoweka. Ukisema ghala, atafahamu mara moja: meli huja na kuondoka, shehena hubaki ghalani. Atafahamu pia kwa nini ghala lina mwenyewe. Programu ikiendeshwa kwa namba ya mtumiaji ambayo si ya mwenye folda, itakatazwa kuandika humo. Katika mifumo mingi ya Linux mtumiaji wa kwanza hupewa namba 1000, na kosa la namba hiyo limewakesheza wengi.

Neno "mteja" nalo linachekesha. Nchini Kenya, tangu kampuni za simu zilipoanza kutangaza kuwa mteja hapatikani, vijana husema fulani "ni mteja" wakimaanisha simu yake imezimwa. Wengine wamependekeza "programu-teja", wakasahau kwamba pwani teja ni mtumwa wa dawa za kulevya. Kwa nini kujitia katika matata hayo na kitenzi kipo? Kupakua ni kushusha shehena melini, ni kutoa chakula chunguni, na kwenye simu za mkononi tayari ni kuleta faili kutoka mtandaoni. Mama anayepakua omena na ugali na kijana anayepakua faili wanatumia kitenzi kimoja bila kugongana. Kifaa cha kupakulia ni kipakuzi.

Yapo maneno ya mkopo yanayostahili kuachwa yalivyo. Seva na kontena yamekwisha kuzoeleka. Anayetaka kuyang'oa atatumia nguvu nyingi kwa faida ndogo. Ugomvi wa tarakilishi na kompyuta nao unaweza kusubiri, kwa kuwa hakuna mtumiaji aliyewahi kupoteza mafaili kwa sababu yake.

Huenda ikahojiwa kwamba Usenet inafahamika zaidi kwa filamu na vitabu vilivyoibwa, na kwamba si mfano wa kufundishia wanafunzi. Hoja hiyo ina uzito. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haibagui njia iliyotumika kunakili, na mwongozo wa Kiswahili useme hivyo waziwazi. Lakini kisu hakikosi jina kwa kuwa kimewahi kumjeruhi mtu. Aidha, tabia za programu hii zinawafaa watu wa ufuoni kutoka Dunga hadi Mbita: umeme ukikatika, kipakuzi hukumbuka vipande kilivyokwisha kupokea, na kontena lililopangwa vizuri hujiwasha lenyewe umeme urudipo. Programu hiyo hiyo haitozi ada, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote atakaye kuufasiri.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vya eneo hili vina uwezo wa kuujaribu mtihani huu muhula mmoja tu. Wanafunzi wawili waandike mwongozo wa kurasa mbili. Wa tatu, asiyejua lolote kuhusu makontena, aketi mbele ya tarakilishi na kuufuata bila kuuliza. Kila anapokwama, neno lililomkwamisha liandikwe pembeni. Orodha hiyo ya pembeni ndiyo ipelekwe darasani ijadiliwe. Neno moja limekwisha kutangulia kwenye orodha bila suluhisho: programu inayofanya kazi chinichini bila kuonekana huitwa kwa Kiingereza "daemon", na kati ya pepo, jini na mtumishi bado hakuna lililompata msomaji anayelisoma bila kuinua uso.