Fomu isikatae jina la mtu

Wasee wa koding hapa Machakos, tuongee. Fomu yako bado inakataa namba za 01? Hizo namba ziko Kenya tangu 2019! Ng'ang'a naye anaambiwa jina lake "si sahihi" juu ya ile alama ya ng'. Kama ni fomu ya basari na inafungwa leo usiku, huyo umemnyima nafasi.

Maoni yangu: acha kuandika fomu upya kila kazi. Tengeneza kisanduku kimoja cha simu na kimoja cha jina, sheria zikiwa ndani. Simu ya mkononi: tarakimu 10 zikianza na 07 au 01, ama +254 kisha tarakimu 9. Jina: ruhusu ng', hata ĩ na ũ za Kikamba. Kikikataa kitu, kiseme shida iko wapi na kitoe mfano.

Sasa kitumie kila mahali. Ukirekebisha kosa mara moja, fomu zote zinapona. Lakini seva pia ikague, juu ukaguzi wa brauza unarukwa rahisi.

Mtu wa Mwala anajaza kwa simu, bando inaisha. Usimrudishe mwanzo bure.