Jina Moja, Bidhaa Tatu

Anayepitisha mizigo Namanga au Busia anajua kwamba jina lililoandikwa juu ya boksi si ushahidi wa kilichomo ndani. Kwenye gemu za mpira ni hivyo hivyo.

Chukua FIFA 22, iliyotoka mwaka 2021. Ya PlayStation 5 ilikuja na mfumo mpya wa HyperMotion, unaowafanya wachezaji wakimbie na kugombea mpira kama watu halisi. Ya PlayStation 4 haikupewa mfumo huo. Ya Nintendo Switch iliitwa Legacy Edition: vikosi na jezi vilikuwa vipya, mchezo wenyewe ukabaki wa zamani.

Kwa uzuri, ya PlayStation 5 inashinda. Kwa biashara, mimi nasimama na ya PlayStation 4. PlayStation 5 yenye sehemu ya kuingizia diski inasoma diski ya PlayStation 4, lakini PlayStation 4 haisomi ya PlayStation 5. Mwenye kibanda cha gemu mwenye mashine ya zamani ukimuuzia diski ya mashine mpya, umemuuzia kioo cha kujitazamia.

Basi kabla ya kulipa, soma jina la mashine, si jina la gemu peke yake, na liandikwe kwenye risiti. Mzigo ukishavuka mpaka na ushuru umelipwa, kuurudisha ni hasara ya pili.